Nifundishe Kulala, Sista

Modogashe,
14 Aprili 2025

Kwako Sista Roda,

Utaona herufi zangu ni kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Usicheke. Yule kijana wa mazoezi ya viungo hapo Garissa anasema mkono wangu unafinya maandishi, kila mstari unazidi kupungua mpaka unapotea, na ameniamuru niandike kila siku kwa herufi za kujaza mstari. Nikamwambia nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja, siwezi kukaa nikiandika "baba analima" peke yangu. Nikiandika, namwandikia mtu, na mtu huyo ni wewe. Simu imenishinda. Sauti yangu imeshuka chini, kila ninayempigia anasema halo, halo, halafu anakata. Barua hii inakuja na kondakta wa basi la Wajir. Ya kwako mpe yeye yeye.

Ugonjwa wangu unaujua, huu wa Parkinson, mwaka wa nne sasa. Kutetemeka nimekuzoea. Kinachonimaliza ni usiku. Nasali Isha, nameza kidonge cha saa tatu, usingizi unanichukua vizuri. Ikifika saa sita naamka na mwili umekataa. Nataka kugeuka ubavu, siwezi. Akili inageuka, mgongo unabaki. Inabidi nimwite Abshiro, mke wa mwanangu Dekow, aje anigeuze kama gunia la mchele. Saa nane tena. Saa kumi tena. Na katikati hapo kuna ndoto. Napiga kelele, narusha miguu, nafukuza fisi zizini. Wiki iliyopita nilimpasua Abshiro mdomo, na mimi nimelala fofofo.

Majirani wanasema ni jini. Sheikh amekuja, amesoma, Mungu amlipe. Moyo wangu ulitulia sana. Mgongo ulibaki vile vile.

Sasa sikiliza neno lenyewe. Dekow ameuona ule mdomo kwenye simu ya video. Ana duka la vitambaa Eastleigh, na amekata shauri kwamba akija Idd kubwa atanichukua nikakae kwake. Ghorofa ya nne, Sista. Dirisha linatazama ukuta wa jirani. Mimi nyumba hii niliijenga kwa mshahara wangu, na baba Dekow amezikwa hapa nyuma. Nikitoka hapa sitarudi, najua. Dekow si mbaya. Anasema mtu asiyelala hawezi kuishi mbali na hospitali kubwa, na ni kweli silali.

Nina wiki saba na siku chache. Tulipokaa chumba kimoja pale Garissa, mimi mwalimu shuleni na wewe muuguzi zahanati, ulinifundisha hata kuoga kwa maji ya kikombe kimoja. Haya, nifundishe kulala.

Mimi mwenzako,
Muslimo

*

Garissa,
19 Aprili 2025

Mwalimu Muslimo, mbishi wangu,

Barua imefika, na herufi zako ni nzuri kuliko zangu. Endelea hivyo hivyo.

Kwanza nakupa pole, halafu sitakupa tena, maana tuna kazi. Kukosa usingizi ni sehemu ya ugonjwa huu, sawa na kutetemeka. Na hizo ndoto za kurusha miguu ni za ugonjwa pia. Hujarukwa na akili na hujampiga mtu. Lakini daktari wako lazima aambiwe, kwa sababu zina dawa yake, na mwenye kuamua ni yeye, si mimi wala jirani. Mwambie Abshiro akuamshe kwa sauti akiwa mbali. Asiinamie uso wako. Kitanda chenye miguu mirefu kitoke, godoro liwekwe chini kidogo, na taa na birika visikae karibu.

Chai ya jioni basi. Najua chai yenu, majani mengi na sukari ya kusimamisha kijiko. Ya mwisho iwe saa nane mchana. Asubuhi toka jua likuone, hata nusu saa. Mchana usilale zaidi ya nusu saa. Wewe ulikuwa ukisinzia hata kwenye mikutano ya walimu, kwa hiyo hapo nakujua.

Kugeuka nako kuna ufundi. Tafuta kitambaa kinachoteleza, satini, kitandikwe pale kiuno kinapolala tu, si kitanda kizima, la sivyo utateleza mpaka sakafuni. Funga kamba imara ukutani upande wa kulia. Ukitaka kugeuka: kunja magoti, peleka macho na kichwa kwanza, halafu mkono ushike kamba, magoti yaanguke upande huo, kiuno kitafuata. Fanya mazoezi mchana, mara kumi. Usiku si wakati wa kujifunza.

Halafu nijibu maswali mawili, na usinifiche. Mwezi wa pili tulipoonana hapa kliniki uliniambia kidonge kipya cha usiku kimekusaidia, ulikuwa unalala mpaka alfajiri. Ni nini kimebadilika? Na kidonge hicho unakimeza na chakula gani?

Wako,
Roda

*

Modogashe,
3 Mei 2025

Kwako Sista,

Amri zako nimezifuata zote, na chai ndiyo iliyoniuma kuliko yote. Siku ya pili kichwa kilinigonga mpaka nikakutukana kwa Kisomali, usamehe.

Kamba ipo. Abshiro amekata gauni lake la harusi, dirac ya satini ya rangi ya zambarau, akanishonea kitambaa. Nilimwambia asifanye. Alifanya. Kila siku baada ya adhuhuri najitupa kitandani nafanya zoezi, macho, kichwa, mkono, magoti, na mchana nageuka vizuri kabisa, kulia na kushoto. Usiku mwili uleule unakuwa wa mtu mwingine. Naishika kamba, kiuno hakifuati. Juzi nilikaa nusu saa nzima nikivuta bila kumwita mtu, kwa hasira tu, mpaka nikalia. Lakini sijaacha na siachi.

Daktari nimempigia. Abshiro alishika simu akarudia maneno yangu kwa sauti. Ndoto amezipa dawa, na sasa kelele zimepungua. Hilo ni moja.

Maswali yako. Kilichobadilika ni mvua. Tangu zianze kunyesha mwezi wa nne, usiku wangu umeharibika. Nadhani ni unyevu kwenye mifupa, au mbu. Na kidonge simezi na chakula chochote. Daktari alisema kisiguse chakula, basi jioni sili. Nalala na tumbo tupu, hata sambusa ya jirani narudisha.

Nikwambie lililo moyoni. Namshuku Abshiro. Kila nikikohoa, Dekow ameshajua Nairobi. Jana aliniuliza kwa nini nilivuta kamba nusu saa bila kuita, na mlango wa chumba changu ulikuwa umefungwa. Ameolewa miaka mitatu na hajawahi kukaa na mumewe zaidi ya mwezi. Mimi nikihamia Eastleigh, naye anahamia. Simlaumu kwa kutaka, lakini sitaki kuwa mzigo wa kumpitishia mtu safari yake. Zimebaki wiki tano.

Muslimo

*

Modogashe,
9 Mei 2025

Kwa eeddo Roda, shangazi yangu,

Mimi ni Abshiro, mke ya Dekow. Hooyo, yaani mama mkwe, hajui kama nimeandika barua hii. Samahani kwa Kiswahili yangu, nilimaliza form four lakini si kama hooyo.

Eeddo, mimi nimechoka na naogopa. Hooyo anafikiri mimi ndio namwambia Dekow maneno. Ni kweli namwambia, kwa sababu ananiuliza kila siku na mimi siwezi kudanganya bwana yangu. Lakini sijamwambia amchukue. Mimi nataka kukaa na bwana yangu, hiyo pia siwezi kudanganya. Lakini hooyo akienda kukaa ndani ya nyumba ya ghorofa, bila ua, bila watu wa kumsalimia, atakwisha haraka. Yeye ndiye alinilipia mitihani wakati baba yangu alikataa. Siwezi kumfanyia hivyo.

Usiku mimi nalala nje ya mlango yake, kwa mkeka, tangu mwezi wa kwanza. Hooyo hajui. Anafikiri natoka chumba yangu. Nikilala mbali sisikii, sauti yake ni kidogo sana. Sijalala usiku mzima hata moja, hata ile mwezi ya pili hooyo alilala vizuri, mimi niliamka kumsikiliza. Mchana nikipika macho yanafunga, juzi nilichoma mkono.

Nafanya kila kitu umesema. Nampa heshima yote. Dawa ya usiku nampa mimi mwenyewe, na maziwa ya ngamia, kile kikombe kikubwa ya marehemu baba. Tangu mvua inyeshe maziwa iko mingi, ngamia wamerudi karibu, kila jioni nampatia fresh. Kidonge inateremka vizuri na maziwa. Sasa mimi nakosea wapi? Tafadhali niambie, na usimwambie hooyo mambo ya mkeka.

Abshiro

*

Garissa,
12 Mei 2025

Mwalimu,

Kaa chini kabla hujasoma, halafu usiniulize nimejuaje.

Maziwa. Unameza kidonge na kikombe kizima cha maziwa ya ngamia, na mimi nimekuuliza ukanijibu tumbo tupu!

Nimempigia daktari wako mwenyewe kuhakikisha, na amesema hivi: dawa hii na maziwa vinagombania mlango mmoja wa kuingilia mwilini, na maziwa yanatangulia. Dawa inachelewa au inabaki nje. Ndiyo maana saa sita mwili umekataa. Mwezi wa pili ulikuwa ukame, ngamia walikuwa mbali, ulimeza kwa maji, ukalala. Mvua zikaja na maziwa yakaja nazo. Mbu hawana kosa.

Hakuna aliyekukataza maziwa. Yanywe saa kumi na moja jioni, kidonge saa tatu kwa maji matupu, na maji yenyewe yasiwe mengi usije ukaamshwa na choo. Vidonge vya mchana ni hivyo hivyo, nusu saa kabla ya chakula. Jaribu siku kumi kabla hujahukumu.

Roda

*

Modogashe,
22 Mei 2025

Kwako Sista,

Nimesoma barua yako mara tatu, mara ya kwanza nikiwa na hasira na wewe, ya pili na daktari, ya tatu na mimi mwenyewe. Wallahi sikukudanganya. Daktari aliponiuliza kliniki unakula nini na dawa, mbele ya macho yangu niliiona sahani. Wali, nyama, anjera. Maziwa hayakunijia kabisa. Nimelelewa nayo, mgeni akiingia anapewa kabla hajaulizwa jina. Nani kwetu anayahesabu? Daktari ni mtu wa Nyeri, hakujua kuuliza, nami sikujua kusema. Mwezi na nusu nimejifunga mwenyewe usiku na kikombe cha mume wangu.

Matokeo haya hapa. Usiku wa kwanza, hakuna kitu. Wa tatu niligeuka mara moja. Wa saba, Sista, saa nane niliamka, nikakunja magoti, nikashika kamba, kiuno kikafuata! Nililala palepale nikicheka gizani kama mwendawazimu. Tangu hapo naita mara moja tu kwa usiku, na kuna usiku mmoja sikuita.

Lakini nyumbani kumeharibika. Siku niliyopata barua yako, Abshiro alikuja saa tatu na kikombe kama kawaida, nikamwambia toa. Neno hilo moja. Nilikuwa nimechoka kupaza sauti, nikadhani nitamweleza asubuhi. Na uso wangu unaujua, siku hizi umekaza, hautabasamu hata nikitaka. Aligeuka akatoka na kikombe kimejaa. Mkwe akirudisha maziwa ya mke wa mwanawe, kwetu hilo si jambo dogo, ni kama kumwambia funga vitu vyako. Asubuhi niliona amevimba macho, nami nikafanya kiburi. Nikasema moyoni, anayepeleka habari zangu Nairobi na anune kidogo.

Sasa Dekow amepiga simu. Hasubiri Idd, anakuja Jumatano. Amesema, "Mama, kama Abshiro amekushinda na wewe umemshinda, basi yamekwisha, mnakuja wote." Kwa hiyo nimepata usingizi na nimepoteza nyumba. Nifanye nini?

Muslimo

*

Garissa,
24 Mei 2025

Muslimo,

Leo sikuiti Mwalimu, hustahili.

Nimeombwa nifiche neno, na nalivunja, Mungu anisamehe. Habari ya maziwa nilipewa na Abshiro. Aliniandikia kuniuliza anakosea wapi, yeye, si wewe. Huyo msichana analala kwenye mkeka nje ya mlango wako tangu mwezi wa kwanza ili aisikie hiyo sauti yako ya chini. Siku ile ulipovuta kamba nusu saa, alikuwa hapo chini ya mlango akikusikia unalia. Miezi mitano hajalala usiku mmoja, na Nairobi hataki kukupeleka. Amesema hivyo kwa mkono wake.

Umekuwa ukihesabu usingizi wako peke yako. Katika nyumba hiyo kuna wagonjwa wa usingizi wawili, na mmoja hana hata daktari.

Dekow anakuja Jumatano. Mwite Abshiro leo. Usingoje asubuhi.

Roda

*

Modogashe,
19 Juni 2025

Kwako Sista Roda,

Umeona nimekaa kimya, ukadhani nimenuna. Nilinuna siku mbili. Halafu sikupata nafasi ya kuandika.

Barua yako ilifika Jumapili asubuhi. Nilimwita Abshiro nikamkalisha kitandani pangu. Nilimsomea barua yako yote ya maziwa, polepole, mpaka akaelewa kwamba niliposema toa nilikuwa nataka kugeuka, sikuwa nataka atoke. Halafu nikamwambia, "Nimesikia habari ya mkeka." Akaficha uso kwenye shela. Nikamwomba radhi. Mimi, ambaye sijawahi kumwomba radhi mtu mdogo kwangu tangu nizaliwe. Sauti haikutoka vizuri, nikairudia mara ya pili ili isiwe na shaka.

Jioni hiyohiyo saa kumi na moja aliniletea maziwa, nikanywa kikombe chote mbele ya majirani. Usiku nikaanza kufikiri. Asubuhi nikampigia Mulki, binti wa binamu yangu kule Griftu. Mumewe amefariki, watoto wameshaoa, na anakaa kwa kaka yake kama mgeni. Nikamwambia Idd ikipita njoo ukae kwangu, kuna chumba na kuna kazi. Dekow sikumwambia kitu.

Alifika Jumatano na begi tupu kubwa la nguo zangu. Nikamwambia sawa, nitakwenda, lakini kwanza ulale hapa mpaka Idd ipite, ulale wewe mwenyewe kwenye huo mkeka nje ya mlango, usikie kwa masikio yako. Kama bado unaona siwezi, nakufuata bila neno. Alikubali, maana alikuwa na hakika.

Usiku wa kwanza nilipiga kelele mara moja. Nilikuwa nafundisha darasa, nikawaambia wakae chini. Dekow aliingia mbio, nikaamka, nikamwambia na wewe kaa chini. Usiku uliofuata nilishika kamba nikainuka, nikaenda chooni na kurudi, nikampita amelala akikoroma. Ikaendelea hivyo. Kuna usiku mbaya miwili, sikufichi. Mmoja niliita mara nne na miguu ikanikaza mpaka alfajiri, nikajua hapo nimekwisha. Dekow alinikanda miguu, nami sikumwomba wala kumsihi. Nilikuwa nimesema asikie, akasikia.

Siku tatu baada ya Idd alikuja kukaa nami uani baada ya alfajiri. Alikuwa amechoka macho.

"Mama," akasema, "wewe unalala. Asiyelala ni mke wangu. Nimemwambia abaki chumbani, na kila usiku amekuja mlangoni mara tatu, nne. Anakuja akiwa usingizini, hata hajui."

Hilo sikulijua hata mimi. Mwili wake umeshazoea kuamka kwa ajili yangu.

Nikamwambia, "Mchukue."

Akauliza nani atanipa dawa. Nikamwambia Mulki yuko njiani, anashuka kwenye basi adhuhuri, nimempigia kabla wewe hujapakia begi lako. Na dawa nitajipa mwenyewe, saa nimeshatega kwenye simu. Alinitazama sana. Halafu alicheka, akasema sasa anaelewa kwa nini wanafunzi wangu walikuwa wananiogopa. Tumekubaliana kwamba kila mwezi atanipeleka kliniki Garissa mwenyewe, na kwamba siku nikianguka tutazungumza upya. Hilo nimelikubali. Najua ugonjwa huu haurudi nyuma. Lakini leo niko nyumbani kwangu.

Abshiro alikataa. Alilia, akashika mlango, akasema hooyo hawezi kuachwa na mtu asiyejua sauti yake. Nikamwambia, "Umenilinda vya kutosha. Nenda ukalale." Begi lililoletwa kwa nguo zangu likajaa za kwake. Gari lilipoondoka nililia, Sista. Uso wangu haukuonyesha, watu waliokuwapo labda walidhani nimefurahi, lakini nililia sana.

Usiku ule wa kwanza Mulki alilala chumba cha pili na mlango wazi. Saa nane niliamka. Nilitaka kuita, na jina lililokuja mdomoni halikuwa la Mulki. Magoti, macho, kichwa, kamba. Mara ya kwanza kiuno hakikufuata, wala ya pili. Ya tatu niligeuka. Mulki asubuhi aliniuliza mbona sikumwita, nikamwambia sikuwa na shida.

Juzi simu ikalia, saa tano na nusu mchana. Ni Abshiro. Sauti yake ilikuwa nzito, nikashtuka nikadhani anaumwa. Kumbe ndiyo kwanza anaamka. Alikuwa analia kwa aibu, anasema hooyo nisamehe, sijui nimelalaje mpaka saa hizi, Dekow ameondoka dukani na hata sikumsikia. Nilikusanya sauti yote niliyobaki nayo mpaka akanisikia vizuri. Nilimwambia arudi kitandani.

Mimi mwenzako,
Muslimo Abdullahi